Vitenzi vya Kifaransa na Koni za Karanga

Mwezi uliopita Fundi alinipigia simu asubuhi akaniambia anahama. Nyumba ya Chang'ombe imeuzwa, mwenye nyumba mpya anataka kujenga godauni, na yeye ameshapata chumba cha kushonea huko Boko, karibu na mwanawe. "Kuna mzigo wako hapa," alisema. "Ukichelewa nitauchoma." Fundi hajawahi kuchoma hata kipande cha uzi, lakini mimi ni mtu wa wasiwasi, hata utani, ukisemwa kwa sauti kubwa, unanitoa jasho la kweli. Nikaiacha tafsiri ya watu katikati ya sentensi, nikavaa viatu, nikatoka Madale kwenda Chang'ombe.

Nilikuwa sijaingia kwenye ua ule kwa miaka minane. Choo cha nje kimeshabomolewa. Ukuta wa jikoni umebaki nusu, na ile nusu iliyobaki bado ni nyeusi kwa moshi wa bibi yangu. Kilichonishtua zaidi ni kimya. Zamani, rafiki yangu, ua ule haukuwa na kimya hata siku ya Jumapili. Familia saba, redio saba, kila moja na stesheni yake, cherehani ya Fundi ikikimbia barazani, ndoo zikigongana bombani, na mara tatu kwa siku king'ora cha kiwanda cha jirani, ambacho bibi alikiitikia kama anavyoitikia mtu: "Haya, tumesikia!"

Bibi alikuwa anauza karanga. Alitoka kusini akiwa binti, akaja Dar na sufuria moja na mfuko wa mchanga. Usicheke, mchanga ndio ulikuwa siri yake. Karanga ziliroweshwa kwenye maji ya chumvi, zikaanikwa kidogo, kisha zikakaangwa ndani ya mchanga wa moto mpaka maganda yaanze kunong'ona. Mchanga ule ulichekechwa na kurudishwa mfukoni, ukatumika tena kesho, na kesho kutwa, miaka nenda rudi, ukawa mweusi na kung'aa kama baruti. Mie nilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza kuchekecha. Ya pili, niliyoipenda kuliko kula karanga zenyewe, kukunja koni.

Koni tulizikunja kwa karatasi chakavu. Bibi alizinunua kwa mafungu: magazeti, kalenda, mitihani ya watu waliokwisha kufeli, vitabu vilivyopoteza wenyewe. Unachana jani, unalizungusha mkononi, unabana ncha, unalipanga juu ya sinia. Mtoto wa kawaida angekunja koni hamsini kwa muda ambao mimi nilikunja ishirini. Koni zangu lazima zilingane. Ikizidi moja kwa nusu kidole, naifungua, naanza upya. Shuleni vilevile: nilifuta kosa mpaka daftari likatoboka, halafu nikalia kwa sababu daftari lina tundu. Bibi aliniangalia nikipima koni kwa rula akasema, "Mjukuu wangu, mteja anakula karanga, hali koni."

Nilikuwa darasa la sita kile kitabu kilipofika. Kilikuja ndani ya fungu, kikubwa kama atlasi ya shule, karatasi zake nzito na nyororo. Nilipokiona, bibi alikuwa ameshachana zaidi ya nusu, kuanzia mwanzo, kama mtu yeyote mwenye akili timamu. Kilichobaki ni majani kama sitini, kuanzia herufi S. Nikachukua jani moja ili nilikunje, mkono ukakataa.

Sijui kama nitaweza kukueleza nilichokiona. Yalikuwa majedwali. Kila ukurasa kitenzi kimoja cha Kifaransa, na chini yake visanduku, na ndani ya kila kisanduku mistari sita, kuanzia mimi mpaka wao, imenyooka, hakuna uliochomoza. Baadhi ya herufi zimevaa kofia. Mie niliyekuwa nikiishi kwenye ua ambao hata kamba ya nguo haikunyooka, niliona kwa mara ya kwanza mahali ambapo kila kitu kimekaa panapostahili.

Chini kabisa ya kila ukurasa, kwenye kona ya kulia, kilikuwapo kisanduku chenye jina refu kuliko vyote: *plus-que-parfait du subjonctif*. Nikalipeleka jina lile kwa mwalimu wetu wa Kiingereza. Kifaransa hakukijua, lakini nyuma ya kitabu palikuwa na maelezo kidogo ya Kiingereza, akasoma, akakuna kidevu. "Hapa wanasema maneno haya ya kwanza maana yake ni zaidi ya kilichokamilika. Na hali yenyewe ni ya mtu anayejutia jambo lililokwisha. Laiti ningalijua, laiti ningalikuja. Lakini soma hapa: wameandika kwamba hata wenyewe hawaisemi tena, wanaikuta vitabuni tu. Kwa nini usianze na habari za asubuhi?"

Sikumsikia baada ya maneno "zaidi ya kilichokamilika". Nilichoelewa ni kwamba kuna watu duniani wamefika kwenye ukamilifu, wakaona hautoshi, wakaongeza. Nikaamua nitaanzia hapohapo. Habari za asubuhi zingesubiri.

Tatizo lilikuwa bibi. "Karatasi ni karatasi," alisema. Nililia kidogo, nikapiga magoti kidogo, mwishowe tukakubaliana sheria: jani kwa jani. Kila jani la kitabu ninalotaka lisiingie kwenye sinia, nilete jani jingine la ukubwa uleule. Na nikishalishika kichwani, jani la kitabu linakwenda kazini kama mengine. Bibi hakuwa mkatili. Alikuwa na wateja.

Basi likaanza lile shindano langu na tumbo la wafanyakazi wa kiwandani. Asubuhi nilizunguka kutafuta karatasi. Niliomba magazeti kwa mangi wa dukani, kalenda za mwaka uliopita kwa majirani, nikaokota madaftari yaliyotupwa shuleni. Jioni nikiwa nachekecha mchanga, niliimba kwa mdomo uliofumba: *que je fusse sorti, que tu fusses sorti, qu'il fût sorti.* Matamshi niliyabuni mwenyewe, niliyasoma kama Kiswahili, kila herufi kwa haki yake. "Fu-se so-ri-ti." Majirani walidhani ni kwaya. Nilipokwisha kukishika kitenzi, nililikunja jani lake kwa mkono wangu, nikalijaza karanga, nikalitazama likiondoka mkononi mwa mtu mwenye ovaroli. Kitenzi cha kutoka kilitoka. Kitenzi cha kushika kikaenda zamu ya jioni. Kitenzi cha kuuza kiliuzwa.

Sasa nifike kwenye aibu yangu, maana bila hiyo hakuna hadithi. Kwenye baraza yetu, hatua kumi kutoka jikoni, alikuwa anashona mtu aliyezaliwa Kongo na kusomeshwa na mapadre kwa Kifaransa. Huyo ndiye Fundi. Kila asubuhi aliniambia, "Bonjour, mademoiselle!" nami kila asubuhi nilisema "Shikamoo" huku nikikimbia na ndoo, maji yakinimwagikia miguuni. Bibi alikasirika. "Huyu mtoto mbona anamkimbia mtu mzima kama anadaiwa?" Lakini nilikuwa nimejiapiza: sitamtamkia Fundi neno hata moja la Kifaransa mpaka nimalize kitabu chote, bila kosa. Nilimwona kichwani mwangu akinisikia nikikosea, akitabasamu, na lile tabasamu niliogopa kuliko fimbo. Unaweza kuishi na mwalimu barazani kwako na usimuulize kitu. Mie niliweza miezi mitano.

Ikafika likizo ya Juni. Nilibakiwa na majani manane. Nilikuwa kwenye kitenzi cha kuja, *venir*, na kilikuwa kinanichanganya. Alhamisi bibi akaniita. "Kesho ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Karanga zitatoka mara mbili. Nataka karatasi za kutosha. Zikipungua, kitabu kinaingia kazini chote, umeshika hujashika."

Sikulala vizuri. Asubuhi na mapema nikatoka. Kwa mangi magazeti yameisha, mwenye duka la dawa ameyawahi. Shule imefungwa. Majirani walikuwa wamechoka na mimi, mmoja alinionyesha kuta tupu za chumba chake akasema, "Kalenda ulichukua, picha ya mkwe wangu ulichukua, sasa chukua na mie." Nikarudi mikono mitupu, nikakaa kizingitini nikakiangalia kitabu changu kama mtu anayemuaga mgonjwa.

Hapo ndipo nilipoliona lile fungu. Lilikuwa chini ya meza ya Fundi, limefungwa kwa utepe wa kitambaa: karatasi za kaki, ngumu, kubwa, nyingi. Zilikuwa zimekatwakatwa ovyo, hii ina tundu pembeni, ile imepinda kama mwezi. Nikadhani ni mabaki ya mkasi. Fundi mwenyewe alikuwa amekwenda Kariakoo kutafuta zipu. Ningeweza kumsubiri nikamuuliza. Nakiri mbele yako, nilifikiria kumsubiri. Halafu nikafikiria kwamba nikimuuliza atanijibu, na akinijibu huenda akanijibu kwa Kifaransa.

Nikalichukua.

Laiti ningeishia hapo. Lakini karatasi zile zilikuwa na pembe mbaya, na mie siwezi kukunja koni kwa karatasi yenye pembe mbaya. Nikachukua mkasi wa bibi, nikazinyoosha moja moja. Kila palipopinda nikakata pakawa sawa. Niliona zina namba, arobaini, thelathini na nane, na majina ya akina mama, nikadhani ni hesabu za mtu zilizokwisha. Vipande vilivyopinda nilivifagia nikaviweka ndani ya kopo, maana sipendi taka. Koni zilitoka nzuri kuliko siku zote. Bibi akazipanga sinia mbili, akaniambia, "Leo umefanya kazi," akajitwika, akatoka kwenda getini kabla ya king'ora cha saa tisa.

Fundi akarudi akipiga mluzi. Akatandika mezani kitenge cha njano, meta kwa meta. Wote uani tulikijua kitenge hicho: sare za akina mama wa harusi, gauni saba, harusi Jumapili. Akachonga chaki, akainama chini ya meza. Mluzi ukakatika.

"Mademoiselle," akasema. "Umeona karatasi zangu?"

Macho yangu yakakimbilia kopo la vipande. Akasogea jikoni, akaona lile kopo, akaingiza vidole viwili, akatoa kipande kilichopinda kama mwezi. Akakinyanyua juu kwenye mwanga.

"Hili ni kwapa," akasema taratibu.

Akatoa kingine. "Hili nalo ni kwapa. Hii ni shingo ya mama wa bwana harusi." Akanitazama. "Mutoto, shingo za watu umezifanya nini?"

Nilinyoosha kidole upande wa kiwanda. Hapo ndipo nilipojua: zile hazikuwa mabaki. Zilikuwa karatasi zake za vipimo, anazozilaza juu ya kitambaa na kukata kwa kuzifuata. Kila mwanamke wa mtaa aliyewahi kushonewa naye alikuwa mle, mgongo wake, bega lake, mkono wake. Na mie nilikuwa nimewanyoosha wote.

Tukakimbia. Fundi mbele na futi yake ya kupimia shingoni, mie nyuma. King'ora kilikuwa kimeshalia, watu wamejaa getini, na bibi ameshauza sinia moja na nusu. Fundi akamnong'oneza. Bibi hakunipiga, hakunitazama hata. Akapanda juu ya tofali, akapiga makofi.

"Jamani wanangu! Mliokula karanga, nirudishieni karatasi!"

Walicheka watu, rafiki yangu, sijawahi kusikia kicheko kama kile.

"Bibi, karanga nimekula, na karatasi nayo unaidai?"

"Kesho utadai na maganda!"

"Ni vipimo vya Fundi," bibi akasema. "Vya sare za harusi. Fungueni mtazame."

Wakafungua. Na hapo kicheko kikawa cha namna nyingine. Kijana mmoja alizimwaga karanga zake mfukoni, akaikunjua koni, akasoma. "Mie nimepata bega! Bega la kushoto!"

"Mie mgongo, lakini umekatwa."

"Mie nina kiuno cha mama mwenye nyumba wangu! Fundi, naomba nikae nacho, nitakitumia mwezi ukiisha nikiwa sina kodi."

"Lete hapa kiuno cha watu!" Fundi alifoka, lakini nilimwona mdomo ukimtetemeka kwa kuzuia kucheka.

Tulirudi na nusu ya karatasi zile, zina mafuta na chumvi, na zote nimezikata pembe. Hazikufaa. Fundi alizilaza mezani, akazipapasa, akakaa. Vipimo vya wale akina mama alikuwa navyo kwenye daftari, akasema, kuchora upya angeweza. Hana tu cha kuchorea. Karatasi za kaki anaagizaga kwa mtu, na mtu huyo ni mpaka wiki ijayo. Magazeti ni laini, yanateleza juu ya kitenge, yanachanika ukiyapiga pini. Bibi alikuwa anachekecha mchanga ambao nilipaswa kuuchekecha mie.

Niliingia ndani. Nikakitoa kitabu chini ya godoro, majani manane na jalada. Karatasi zake zilikuwa nzito na nyororo, nimekwisha kukuambia. Manane hayatoshi gauni saba, nililijua hilo, lakini gauni lina mgongo wa kuchora na kifua cha kuchora, na kati ya wale akina mama saba wawili walilingana vipimo, na majani yakiunganishwa kwa gundi yanakuwa mapana. Nilipiga hesabu zote hizo huku nikilia. Nilikuwa bado sijashika *venir*. Sikuwa nimeanza *voir* wala *vouloir*. Nilikuwa nakaribia kabisa mwisho wa kitu kimoja maishani mwangu bila kukikosea.

Nikatoka, nikakiweka mezani kwa Fundi. Nilitaka kuomba msamaha. Nilifungua mdomo, Kiswahili hakikutoka. Kikatoka hiki:

"*Si j'eusse su,*" nikasema. Laiti ningalijua. Kwa matamshi yangu ya kuchekechea mchanga: si jeu-se su. Na kwa kuwa sikujua namna ya kumalizia, nikaendelea na vyote nilivyokuwa navyo. Laiti ningalikuja. Laiti ningaliuza. Laiti sisi tungalitoka, laiti nyinyi mngalishika. Nilipanga vitenzi vya miezi mitano kimoja baada ya kingine mbele ya yule mtu, machozi na kamasi, nikijua kwamba nakosea kila neno.

Fundi alivua miwani. Akanitazama, akamtazama bibi, akaishika meza kwa mikono miwili. Halafu akaangua kicheko mpaka kitenge cha njano kikaanguka chini.

"Mama!" alimwita bibi. "Mama, njoo usikie! Huyu mutoto anaongea kama askofu aliyekufa!" Akafuta macho. "Mie lugha hiyo nimeisikia kwa padre mmoja tu, na yeye aliisema Krismasi peke yake. Nani amekufundisha?"

Nikakionyesha kitabu.

Akainama, akaniuliza kitu kwa Kifaransa, kifupi, cha upole. Sikuelewa. Akarudia polepole. Sikuelewa. Alikuwa ananiuliza nina umri gani. Niliweza kusema laiti nyinyi mngalikuwa mmekuja, na sikuweza kusema nina miaka kumi na miwili. Hapo na mie nikaanza kucheka, katikati ya kilio, na bibi naye, ambaye hakuelewa hata neno, akacheka kwa kutuona sisi.

Jumamosi ile naikumbuka kwa harufu. Bibi alikoroga uji wa unga wa ngano, mzito, ndiyo gundi. Tukaunganisha majani mawili mawili juu ya meza, pamoja na zile kaki zilizosalimika katikati. Fundi aliweka sharti moja: hakati jani mpaka nilisome kwa sauti. Basi nilisoma. Yeye akanirekebisha, chaki sikioni: hii herufi usiitamke, hii nayo usiitamke, Wafaransa wanaandika kingi wanasema kidogo. Nusu ya herufi nilizozitendea haki kwa miezi mitano hazikuwa za kutamkwa. Nilikosea asubuhi nzima mbele ya watu, na jioni nilikuwa bado hai. Kwangu hiyo ilikuwa habari mpya.

*Voir* ikawa kifua cha mama wa bibi harusi. *Vouloir* ikawa kola. Jioni gauni saba zilikuwa zimekatwa, zinasubiri kushonwa usiku kucha, na ikabaki *venir*, jani moja zima. Fundi akamvuta bibi mkono, akampima kuanzia begani mpaka kiwikoni huku bibi akipinga, akachora, akakata. Akaandika kwa penseli ya bluu: *Bibi, mkono.* Sehemu nyingine za gauni la bibi alizichora kwenye mabaki ya kaki. Alisema ni malipo ya gundi. Bibi alivaa gauni hilo Idi tatu.

Vipimo vile vilining'inia kwenye msumari juu ya cherehani miaka yote iliyofuata. Kila jioni nilikaa barazani, Fundi akinifundisha habari za asubuhi, bei ya nyanya, umri wa watu. Akiwa anashona nilinyanyua macho nikasoma ukutani mabega na makola. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu ya Kifaransa, nyingine sikupata. Na huo ndio mzigo alionipigia simu nikauchukue: fungu la karatasi lililofungwa kwa utepe wa kitenge cha njano.

Tulikaa juu ya ndoo, mie na yeye, kwenye ua usio na redio. Kiwanda kimefungwa siku nyingi, king'ora hakuna. Karanga siku hizi zinafungwa kwenye nailoni, zote sawa, zinaonekana mpaka ya mwisho; hakuna anayekula karanga akajikuta anasoma nusu ya mtihani wa mtu. Watoto wanajifunza Kifaransa kwenye simu, na simu inaanza na habari za asubuhi, kama inavyotakiwa. Sijawahi hata mara moja, katika kazi yangu ya kutafsiri, kukutana na mtu aliyehitaji ile hali yangu ya kisanduku cha mwisho. Fundi aliponiaga alisema, "Huko Boko kuna baraza. Njoo, mademoiselle," nami nikamjibu vizuri tu, kwa maneno mafupi ya siku zote.

Nilirudi Madale na mpango. Lile jani la *venir*, mkono wa bibi, ningelitia kwenye fremu yenye kioo. Nilikuwa nimeshampigia simu mtu wa fremu njiani, nimeshachagua mbao. Nilitaka nimwonyeshe kwanza bibi, ambaye sasa anaishi nasi kwa shangazi, macho yake yameingia ukungu lakini mikono haijambo, na bado anakaanga karanga zake kidogo kidogo uani, kwenye sufuria ileile, mchanga uleule.

Nikamkuta anaziepua. Nikachutama, nikamwekea karatasi mkononi. "Bibi, unaikumbuka hii?"

Akaipapasa. Kwa mbele, kwa nyuma. Akakwaruza kwa ukucha.

"Karatasi nzuri," akasema. "Ngumu. Siku hizi huzipati."

Akaizungusha mkononi, akabana ncha. Nilinyoosha mkono kumzuia, nikasema "Bibi, ngoja," lakini mikono yake ilikuwa na haraka ya miaka arobaini. Akachota karanga za moto kwa kikombe, akajaza, akanipa.

"Kula, zisipoe."

Niliishika. Chumvi na mafuta vikaanza kupenya, mistari ya kitenzi ikawa inaonekana kwa ndani na kwa nje. Mistari ya sisi na nyinyi mkasi wa Fundi ulishaiondoa siku ile, pale mkono unapopandia bega. Nikachukua karanga ya kwanza.

"Bado unazijua zile nyimbo zako?" bibi akauliza.

Nikamsomea mistari yote sita, pamoja na ile iliyokatwa, kinywa kimejaa. Kuna mahali nilikosea, nadhani kwenye mstari wa tano. Bibi alikuwa anatikisa kichwa kwa mdundo. Sikurudia. Nikanyoosha koni aniongezee.